Mahali pa Kupata Barafu Kavu Mombasa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mtwapa, anayeanza biashara ya kuuza kamba na ngisi kwa wateja wa bara, aliniandikia akiuliza ni duka gani linalouza barafu kavu hapa Mombasa. Swali lake lilinikuta shehena yangu ya kwanza ya kamba imefika Kisumu kwa ndege ikiwa ngumu kama jiwe, na mteja amekwisha kuagiza nyingine, kwa hiyo ninamjibu nikiwa na fahari ambayo sioni sababu ya kuificha.

Duka la kuingia na kupimiwa kilo mbili sikulipata, nami nililitafuta kuanzia Marikiti hadi Kongowea. Wauza samaki wana barafu ya maji, ya mabonge na ya kusagwa, na ukiwatajia barafu kavu wengi hukuonyesha hiyo hiyo. Barafu kavu ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Ni mali ya watu wa gesi, na kwao ndiko kwa kuulizia. Hapa Kenya gesi hiyo huvunwa kutoka ardhini Kereita, nyanda za juu za Kiambu, na kampuni ya Carbacid, na mzigo wa barafu kavu unaoletwa Pwani kwa lori hupungua uzito tangu saa unapopakiwa, kwa kuwa hurudi kuwa gesi.

Anza basi na kampuni za gesi za viwandani, zile zinazojaza mitungi ya oksijeni ya hospitali. Piga simu kwanza, uulize mzigo huingia siku gani, oda ndogo kabisa ni kilo ngapi, na kama ni tembe au matofali. Tembe hupoza upesi na kuisha upesi; kwa safari ndefu chukua matofali.

Mahali pa kwanza nilipoulizia, kijana wa mapokezi aliniambia mbele ya watu kwamba bidhaa hiyo si ya akina mama wa sokoni. Maneno yale yananiuma hadi leo. Aliyenifungulia njia ni mpambaji wa kumbi za harusi, kwa maana wapambaji huitumbukiza katika maji ya moto ili wingu jeupe litambae sakafuni bibi harusi anapoingia, na wanajua vizuri ni nani mwenye mzigo. Alikubali kuunganisha kilo zangu na oda yake, na tangu hapo tunaagiza pamoja. Wenzangu wenye mitaji midogo, msikubali kufukuzwa na neno la mtu mmoja: kusanyaneni, mfikishe kiwango wanachokitaka, mrudi kuuliza tena na tena.

Kuhusu kipimo, katika sanduku la povu lenye kuta nene utapoteza takribani kilo 2 hadi 4.5 kwa saa 24, na kwa joto letu uzidishe kidogo. Inunue mwisho kabisa, kamba wakiwa wamekwisha kugandishwa na sanduku liko tayari. Kuiweka katika friza ya nyumbani hakuizuii kuisha, kwa kuwa friza hiyo ni ya joto mno kwake.

Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Usiifunge kabisa katika chombo kisichopumua, kwa maana kitapasuka. Ndani ya gari fungua madirisha. Na usiishike bila glavu nene, kwani huunguza ngozi. Kwenye ndege, abiria huruhusiwa kilo 2.5 kwa idhini ya shirika, na mzigo wa kargo lazima uandikwe UN 1845, namba ya kimataifa ya barafu kavu, pamoja na uzito wa barafu yenyewe. Tangaza ulichonacho tangu mwanzo, hata kama karani hakukuuliza.

Jambo ambalo wengi hawaniulizi ni kama wanaihitaji kweli. Samaki wabichi wanaopelekwa Nyali au Diani siku hiyo hiyo watunzwe kwa barafu ya maji iliyosagwa, kwa sababu barafu kavu itawagandisha na kuikausha nyama pale inapogusa, na mteja aliyelipia samaki mbichi atakuwa na haki ya kuwarudisha.