Kiapo na Tamko: majibu kuhusu maneno wanayokariri askari wa Marekani

Mdogo wangu amejiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani. Anasema kila siku kikosi kizima kinatamka kwa sauti Tamko la Askari. Si ndicho kiapo chenyewe?

Hapana. Kiapo aliapa kabla ya kupelekwa mafunzoni, mkono wa kulia juu, mbele ya ofisa, na ataapa tena akiongeza mkataba. Kimeandikwa kwenye sheria ya nchi: kwanza kuitetea Katiba, kisha kutii amri za Rais na za maofisa walio juu yake.

Tamko haliko kwenye sheria. Akilikiuka hatashtakiwa kwa kulikiuka. Mashtaka hutoka kwenye sheria ya kijeshi, yenye vifungu na adhabu zake. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria Nasadiki ya kanisani, au ahadi za mwana-TANU zilizoanza na "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja". Maneno ya aina hii hurudiwa mpaka yakae mdomoni, ili siku ya shida yatangulie kabla mtu hajaanza kufikiri.

Nani aliliandika, na kwa nini?

Halina mwandishi mmoja. Kazi ilianza mwaka 2003 chini ya Jenerali Eric Shinseki, na aliyemrithi ukuu wa jeshi, Jenerali Peter Schoomaker, akaidhinisha maneno ya sasa Novemba mwaka huohuo.

Tamko la jeshi lolote ukitaka kulielewa, uliza kwanza lilipoandikwa jeshi lilikuwa limepungukiwa na nini. Hapa kilichopungua ni moyo wa kupigana kwa wasio wa mstari wa mbele. Dereva alijiona dereva, fundi alijiona fundi, mpishi mpishi, na bunduki ilikuwa mzigo wa kubeba tu. Tarehe 23 Machi 2003 msafara wa kampuni ya matengenezo ya 507 ulipotea njia ukaingia mji wa Nasiriyah, Iraq, ukashambuliwa. Askari 11 waliuawa na wengine wakatekwa. Silaha kadhaa ziligoma, na uchunguzi wa jeshi ukataja usafishaji duni katika mazingira ya jangwa. Vumbi likikutana na mafuta mengi ndani ya bunduki huwa kama ugali mbichi: sehemu inayotakiwa kurudi nyuma na kusukuma risasi inayofuata hukwama, na askari anabaki na rungu la chuma. Mradi wa tamko haukuzaliwa na tukio hilo peke yake, lakini soma mstari wa 9, unaomtaka askari atunze silaha zake, vifaa vyake, kisha nafsi yake, uone kama hausemi jambo hilohilo.

Nakariri ila nachanganya mistari. Kuna mbinu?

Mistari ni 13. Igawe 3, 4 na 6.

Mitatu ya kwanza inasema wewe ni nani: askari wa Marekani, mpiganaji na mwanatimu, mtumishi wa watu wa Marekani unayeishi maadili ya jeshi. Maadili hayo ni saba na huulizwa kando, kwa hiyo yajue kwa majina. Minne inayofuata ndiyo moyo wa mpiganaji na yote iko katika wakati ujao: kazi itatangulia daima, sitakubali kushindwa, sitakata tamaa, sitamwacha mwenzangu aliyeanguka. Wengi huteleza hapa kwa sababu mitatu ya mwisho kati ya hii minne inaanza na maneno yaleyale. Shika ngazi yake: vita, wewe mwenyewe, mwenzako. Sita ya mwisho inarudi wakati uliopo na kufunga kwa mstari uleule wa kwanza.

Usikariri kwa kutafsiri Kiswahili kichwani. Neno la Kiingereza la silaha katika mstari wa 9, "arms", ndilo pia la mikono, na mtu anaweza kuapa miaka mitatu kwamba anatunza mikono yake vizuri.

Nimesikia tamko la zamani lilikuwa bora zaidi. Kweli?

Lilikuwa na kitu ambacho jipya halina. Lile la baada ya Vita vya Vietnam lilimfanya askari aahidi kutofanya lolote, kwa starehe, faida au usalama wake, litakaloaibisha sare, kikosi au nchi. Na tena kuwazuia wenzake wasifanye ya aibu. Jeshi lilikuwa limetoka vitani nidhamu imeporomoka, ndiyo maana. Mwaka 2003 mstari wa kuwazuia wenzako ukaondolewa. Miezi hiyohiyo, kwenye gereza la Abu Ghraib, Iraq, askari wa Marekani walikuwa wakitesa wafungwa na kupiga picha. Sisemi mstari mmoja ungewazuia. Ila kuuondoa, kwa maoni yetu, kulikuwa kosa.

Vikosi vingine navyo vina vyake?

Jeshi la majini tangu 1993, la anga tangu 2007. Wanamaji wa Marine wana la bunduki, la Meja Jenerali William Rupertus, lililochapishwa Machi 1942. La Ranger, askari wa kikosi maalumu cha nchi kavu, la 1974, lina beti sita ambazo herufi zake za kwanza zinaunda jina Ranger. Ukisahau ubeti, herufi inakukumbusha.

Askari akitekwa, tamko linamwongoza?

Hapo kuna Kanuni za Mwenendo, vifungu sita alivyotia saini Rais Eisenhower tarehe 17 Agosti 1955. Vita vya Korea vilikuwa vimeisha, na mateka 21 wa Kimarekani walikataa kurudi kwao. Kifungu cha tano kinamtaka mateka ataje jina, cheo, namba ya utumishi na tarehe ya kuzaliwa. Mwanzoni kilisomeka kwamba analazimika kutaja hayo *tu*. Mwaka 1977 neno "tu" likaondolewa, kwa kuwa mateka waliotoka Vietnam walikuwa wameteswa mpaka wakasema zaidi, kisha wakarudi nyumbani wakijiona wasaliti. Sasa anatakiwa kukwepa maswali mengine kadiri ya uwezo wake wote.