Ngazidja na Mwali (visiwa vya Komoro) mwezi wa nane: TAFADHALI usiweke Mwali mwisho

Dada wa Malindi, simamisha hayo malipo kwanza. Nimesoma ratiba yenu ya watu wanne uliyobandika, mtue Moroni kisiwani Ngazidja, mpande mlima wa volkano wa Karthala hapo hapo, halafu mwende Mwali kuona kasa na popo, halafu Jumamosi asubuhi boti ya kurudi Ngazidja na jioni yake ndege ya Nairobi. Hiyo "jioni yake" ndiyo imenifanya nikuandikie usiku huu. Ratiba hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo ndiyo tuliyouziwa mimi na mke wangu na shemeji yangu, na pesa ya makuti ya nyumba yote ikaenda nayo. Umeuliza pia viatu, chakula, na kama kijana wa miaka tisa ataweza mlima, hayo ntayajia siku nyingine, hili kwanza.

Uwanja wa ndege za nje ni Hahaya na uko Ngazidja. Mwali ni kisiwa kingine, na hapo katikati ni bahari kuu, hakuna mwamba wa kukukinga hakuna mikoko ya kujibanza. Watu wengi huvuka kwa boti za faiba za injini kutoka Chindini, kusini kabisa ya Ngazidja, mpaka Hoani upande wa Mwali. Boti inatoka bahari ikikubali na abiria wakipatikana, basi. Ndege ndogo za visiwani nazo zikiahirishwa zimeahirishwa, hakuna wa kumlilia.

Na mwezi wa nane ni kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Wewe ni wa Malindi, mimi sina la kukufundisha kuhusu kusi, mwezi wa saba na wa nane hata wanaopeleka wageni marine park hapo kwenu wanaangalia mawimbi kwanza, na huku kwetu nahodha wa Kiwayu akisema leo hatutoki hakuna anayebishana naye. Sasa mtu anakuuzia vipi safari ya boti kwenye bahari hiyo, asubuhi ya siku ya ndege???

Sisi yalitukuta Hoani. Tumefika ufukweni alfajiri na mabegi, upepo unavuma tangu usiku, mawimbi yanapasuka mpaka pale boti zinapovutwa. Nahodha alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, akatuambia kwa upole kwamba leo haendi na hata mwenzake haendi. Shemeji akataka kumwongeza pesa, mke wangu akamshika mkono akamwambia wacha, huyu bwana anatuokoa. Na ni kweli, mpaka leo namwombea dua. Kesho yake pia haikutoka. Ndege ikaenda bila sisi, tiketi zilikuwa zile za bei ya chini zisizorudishwa wala kubadilishwa (hizo pia alitukatia yeye wakala na hakusema kitu), tukanunua nyingine upya kwa bei ya siku ile, juu yake malazi, juu yake chakula, juu yake gari la kututoa Chindini mpaka Hahaya.

Huyo wakala simtaji jina. Nilimpigia nikiwa pale pale mchangani, akanambia "boti zinakwenda kila siku msiwe na wasiwasi", namwambia mimi naziona zimelala mbele yangu, akasema ngoja niulize ofisini. Baada ya hapo nikituma ujumbe zinatokea tiki za bluu na kimya. Tuliporudi ndiyo akasema bahari ni kazi ya Mungu. Bahari ni kazi ya Mungu, sawa, lakini kuandika tarehe kwenye karatasi ni kazi yako wewe na umelipwa!! Inaniuma kwa sababu hakuhitaji elimu yoyote, angemuuliza mvuvi mmoja tu.

Kwa hivyo: MWALI MWANZO, KARTHALA MWISHO. Mkitua Hahaya msizubae Moroni, teremkeni Chindini mkasubiri boti. Bahari ikikataa siku mbili, mnapoteza siku mbili za matembezi, hampotezi ndege. Mkirudi Ngazidja salama, hapo sasa pandeni mlima wenu, na kati ya boti na ndege muwe na siku kadhaa za akiba. Mlima wingu likiufunika mnangoja, lakini mko kisiwa kimoja na uwanja, gari moja tu mmefika.

Mwezi usiubadilishe, watu watakwambia uende Desemba bahari ikiwa shwari, lakini Novemba mpaka Aprili kule ndiyo mvua na Karthala utaishia kuona ukungu. Agosti njia ya mlima ni kavu, na kuanzia Julai mpaka Oktoba nyangumi wa nundu wanapita na watoto wao, mnaweza kuwaona kutoka Nyumashuwa kusini mwa Mwali, pale kwenye vile visiwa vidogo vidogo. Eneo lile la bahari limehifadhiwa tangu 2001.

Na Mwali haitakiwi harakaharaka ya kubana mwishoni. Kijiji cha Itsamia kasa wanapanda kutaga usiku, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda, mlipe ada yao bila kulialia. Kasa akianza kutoka majini kaeni chini, kimya, hakuna tochi wala flashi ya simu, mpaka aanze kutaga ndiyo mwongozaji awasogeze. Ukimtisha anageuka anarudi baharini na mayai yake. Mke wangu alilia pale, na si mtu wa kulia ovyo. Popo wa Livingstone je, hao duniani wako Mwali na kisiwa jirani cha Nzwani peke yake, weusi, wakubwa, bawa kwa bawa wanafika kama mita 1.4, na hata mchana utawaona wanaelea hewani juu ya msitu kama kipanga. Wanalala kwenye miti ya miteremko mikali, kwa hivyo mwongozaji wa kijijini ni lazima. Haya mambo yanataka siku za utulivu, huwezi kumtazama popo huku unawaza boti ya kesho.

Karthala nao ni mita 2361, umelipuka mara ya mwisho 2007, na mwaka 1977 lava yake ilikifunika kijiji cha Singani. Juu ni majivu meusi na shimo ambalo upande wa pili watu huwaoni kwa macho matupu. Bebeni maji YOTE kutoka chini. Ngazidja haina mto hata mmoja wa kudumu, ardhi yake ya lava bado changa inanyonya mvua yote, watu wanaishi kwa matangi ya mvua kama majabia ya Pate. Mlimani hakuna pa kujaza chupa. Mwali ndiko kwenye mito, kile kisiwa ni kikongwe zaidi.

Pesa chukueni yuro taslimu, kadi Mwali usiitegemee, na M-Pesa ya huku kule haifanyi kazi.

Huyo anayekuuzia, mwambie ageuze ratiba leo. Akikwambia ni sawa tu, boti zipo, mwambie aandike kwenye karatasi na aweke sahihi kwamba mkikwama Hoani yeye ndiye atakayelipa tiketi mpya za watu wote wanne. Akikataa kuandika, dai deposit yako kabla hajaituma popote, na ratiba mpya ibandike hapa hapa niione kabla hujalipa.