Rubani wa jeshi akija likizo Malindi: ya nyumbani yanayomfuata angani

Marubani wa ndege za kivita za Kenya kambi yao ni Laikipia, huko Nanyuki. Malindi huja kwa likizo. Rubani anayerudi kambini na pua imeziba haruki. Hukaa chini mpaka daktari wa kikosi amruhusu. Kwa hiyo kumtunza ni kazi ya nyumba nzima, si yake peke yake.

Adui mkubwa ni mafua, na huletwa na watoto. Ndege ikipanda, hewa iliyo ndani ya sikio hutoka yenyewe kwa mrija mwembamba unaofungukia nyuma ya pua. Ikishuka, hewa hiyo lazima irudi, na mrija uliovimba hauipitishi. Ngoma ya sikio huvutwa ndani, huuma, huweza hata kupasuka, na hapo ndipo rubani anatua. Kumpima ni rahisi: abane pua, afunge mdomo, apulize polepole. Sikio lolote lisipozibuka, akamwone daktari. Asijitibu kwa Piriton, maana humlegeza mtu hata akijiona yu macho.

Malaria nayo. Nanyuki kuna baridi na ugonjwa huo ni nadra, lakini Pwani upo. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Dawa ya kinga aipate kwa daktari wa kikosi kabla ya kusafiri, si duka la dawa: meflokwini, kwa mfano, huleta kizunguzungu na kuvuruga akili, na marubani hawaruhusiwi kuitumia. Homa ikimshika hata wiki 3 baada ya kurudi, aseme alikuwa Pwani apimwe damu.

Kuogelea kwa miwani kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari hakuna neno. Kuzama na mtungi wa hewa ndiko kwenye hatari: gesi ya naitrojeni hubaki mwilini, na akipanda ndege mapema hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Angoje saa 24, hata kama anarudi Nairobi kama abiria tu.

Na mahamri kwa mbaazi? Ale ashibe, ila si siku ya kuamkia kuruka. Kwenye futi 18,000 shinikizo la hewa ni nusu ya lile la pwani, na gesi ya tumboni hupanuka zaidi ya maradufu. (Wenyewe hawapendi kulisema hili.)

Safari ya kurudi humeza siku nzima: kilomita kama 120 hadi Mombasa, treni ya Miritini hadi Syokimau, kisha gari kama kilomita 200 hadi Nanyuki. Aondoke mapema apate usiku mmoja kamili wa kulala kabla ya zamu. Karo, mpaka wa shamba, maneno ya mashemeji: mtangulizie siku za mwanzo za likizo ayamalize akiwepo. Ukimwekea usiku wa mwisho, atakwenda nayo hadi kwenye usukani. Na tarehe ya safari yake isiandikwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Anayempeleka stendi aambiwe kwa mdomo.