Jolene katajwa kwa jina

Wiki hii mmeuliza: "Ni muziki gani uliokuja kuupenda ingawa hukuwahi kudhani ungeupenda?" Wangu ni country, ile ya Marekani ya magitaa na kofia pana. Najua wapo jamaa zangu watakaosoma hapa wakasema mtoto keshapotelea bara.

Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa. Nyumbani kwetu taarab ilianza kulia kabla ya chai ya asubuhi: Juma Bhalo, Zein l'Abdin na udi wake, Malika. Country tuliijua kwa mwezi mmoja tu, Desemba, pale maduka makubwa yalipofungulia Jim Reeves na nyimbo zake za Krismasi. Utotoni nilidhani yule ni padri.

Kisha ualimu ukanileta Molo. Huku kuna baridi, viazi, pareto, na Jumapili alasiri kuna country. Nikiwaambia watu wa pwani hawaamini. Ingia baa yoyote ya nyama choma utamkuta kijana mmoja na gitaa lake moja akipiga mugithi, waja wameshikana mabega kwenye foleni ndefu wanazunguka meza kama mabehewa. Katikati ya nyimbo za Kikuyu anachomeka Kenny Rogers au Don Williams, na ukumbi mzima unaitikia, pamoja na wale ambao Kiingereza chao kinaishia kwenye salamu. Nairobi wapo walioifanya kazi kabisa, kama Elvis Otieno anayejiita Sir Elvis, na Esther Konkara. Wazee wa hapa wanasema waliipata kwenye redio ya taifa, Idhaa ya Kiingereza, kipindi cha jioni cha Sundowner, wakati redio ilikuwa moja na mtaa ulisikiliza kitu kimoja.

Mimi niliipata kwa lazima. Mwenye nyumba wangu ni mstaafu wa reli, na ukuta unaotutenganisha ni wa mbao. Akipiga yeye nasikiliza mimi, nipende nisipende. Mwanzoni nilikuwa nafungulia taarab yangu juu kushindana naye, mpaka Jumapili moja nikashika maneno ya wimbo uliokuwa ukipita ukutani, nikazima redio yangu.

Ulikuwa ni ule wa Dolly Parton wa mwaka 1973. Dolly ni mtoto wa milima ya Tennessee, kwao walizaliwa kumi na wawili, na katika wimbo huu anamwomba mwanamke mwenzake asimchukulie mume. Anamwomba waziwazi. Anamtaja kwa jina, Jolene, na analirudia jina lenyewe kwenye kiitikio kama anayegonga mlango usiofunguliwa. Anamsifu nywele, anamsifu ngozi, anamsifu sauti. Hamtukani hata kwa neno moja. Kwa mtu aliyelelewa na taarab hii ni kama kumwona mtu akitoka barabarani bila kanga.

Kwetu mambo haya yana adabu zake. Mwanamke akiudhiwa hataji mtu. Anasubiri harusi, mwimbaji afike kwenye ubeti unaomfaa, ubeti wenye waridi na mwiba au pete iliyoangukia kisimani. Hapo ananyanyuka na noti mkononi, anakwenda kutuza kwa mwendo wa pole, na njia anayoipita ni ile inayokatiza mbele ya mbaya wake. Hakuna aliyetajwa na ukumbi mzima umejua. Anayelalamika kwamba kaimbwa yeye amejianika mwenyewe.

Nilimuuliza mzee kesho yake, tukiwa tunagombania kamba ya kuanikia nguo.

"Mzee, huyu Dolly haoni haya?"

"Haya ya nini, Mwalimu? Ameibiwa. Nyinyi pwani mtu akichukuliwa bwana hufanyaje?"

"Humtungia mwizi wimbo."

"Kwa jina?"

"Thubutu! Kwa jina si wimbo tena, ni kesi."

Alicheka mpaka akaketi. Lakini swali lake lilinikaa, nikaanza kusikiliza kwa makusudi, na hapo ndipo nilipokamatwa. Country inapenda kutaja. Itakuambia mji, siku ya juma, rangi ya gari, aliyekuwa na mimba na aliyekuwa gerezani. Gitaa linazunguka sauti tatu tu ili lisikuzuie kusikia habari. Mimi nilizoea ubeti unaofungwa kwa vina na mizani, unaokutaka ukae nao siku mbili ndipo uuelewe. Hawa wanakupa kisa kizima ndani ya dakika tatu, na kinaeleweka palepale.

Ndivyo nilivyodhani, hadi mzee aliponipigia George Jones, ule wimbo wa mwaka 1980. Unahusu mwanamume aliyemwambia mpenzi wake kwamba atampenda mpaka kufa. Mwanamke akaenda zake, miaka ikapita, jamaa akabaki na barua zake na picha ukutani. Kiitikio kinasema leo ameacha kumpenda. Mara ya kwanza unasikia unasema alhamdulillahi, maskini kapona. Halafu wanatajwa watu waliokuja kumwangalia, na shada la maua mlangoni, na kwamba watamchukua. Ameacha kumpenda kwa sababu amekufa. Ahadi kaitimiza kama alivyoitoa. Jones mwenyewe alidhani wimbo huo una huzuni mno, hautauzika. Ndio uliokuja kuwa mkubwa kuliko nyimbo zake zote.

Nimeutumia darasani kufundisha kinaya. Wanafunzi wa kidato cha tatu, ambao kwa kawaida huniangalia kama ratiba ya mabasi, walinyamaza kimya.

Na kuhusu Jolene, nilikuja kujua jambo lililonifanya nicheke peke yangu jikoni. Dolly ameeleza mara nyingi kwamba aliyemsumbua alikuwa karani wa benki mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimchangamkia mumewe kupita kiasi, na kwamba jina la Jolene alilichukua kwa mtoto wa kike aliyemjia kuomba saini. Kumbe aliyetajwa siye! Karani wa watu kasitiriwa, na asiye na hatia ndiye aliyebebeshwa kiitikio. Shoga yangu wa Tennessee naye anajua mambo.

Kwenye country kuna gitaa wanalilaza mapajani au juu ya stendi, wakalipiga kwa kuburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Asili yake ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19. Sauti yake haikai mahali, inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama fidla ya taarab inapomsindikiza mwimbaji anayelia. Nikilisikia hilo nasahau nipo Molo.

Wenzangu wa pwani hunisuta kwamba nimeacha asili. Asili ipi? Juma Bhalo alikuwa akichukua tuni za sinema za Kihindi, akazivisha mashairi ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita, na hakuna Mwamvita aliyemwambia arudishe tuni za watu. Tena historia za muziki huu na wetu zimekaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kati ya Julai na Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipeleka mitambo Bristol, mji uliokalia mpaka wa Tennessee na Virginia, akawarekodi watu wa milimani. Humo ndimo walimotokea Carter Family na Jimmie Rodgers, na wengi huhesabu country kuanzia hapo. Mwaka uliofuata, 1928, Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri zake za kampuni ya HMV. Victor na HMV zilitumia alama moja: yule mbwa aliyeinamia gramafoni. Maskini wa Tennessee na maskini wa Unguja walizungushwa chini ya mbwa mmoja.

Rodgers alikuwa mfanyakazi wa breki kwenye treni mpaka kifua kikuu kikamshusha. Mzee wangu wa reli humzungumzia kama aliyewahi kupanga naye zamu. Alikufa Mei 1933 akiwa na miaka 35, siku mbili tu baada ya kurekodi New York, ambako walimwekea kitanda ajilaze kati ya wimbo na wimbo. Santuri zake zilimtangulia kufika mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet kwa Wakipsigisi, si mbali sana na hapa nilipo, akawakuta wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Chemirocha ni huyohuyo Jimmie Rodgers. Walikuwa wameisikia sauti yake kwenye gramafoni, na kwao alikuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi ile ipo; ni wasichana na kinubi chao, na inapendeza kuliko nyimbo kadhaa za Rodgers mwenyewe, mzee anisamehe.

Mpwa wangu aliye chuo kikuu ana hoja nzito zaidi ya ya asili. Aliniuliza: "Mama mdogo, hizi si nyimbo za Wazungu wa Kusini mwa Marekani? Wale wale wa utumwa?" Swali ni halali na sikumjibu kwa mzaha. Banjo, ala inayotambulisha muziki huu kuliko zote, chimbuko lake lilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Za mwanzo zilikuwa za kibuyu na ngozi. Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza 1925, mmoja wa nyota wake wa awali alikuwa DeFord Bailey, Mweusi aliyepiga kinanda cha mdomo ukasikia gari la moshi likipita. Wakamtoa mwaka 1941. Akaishi kwa kibanda cha kung'arisha viatu jijini humohumo, na heshima ya kuingizwa kwenye jumba la watukufu wa country alipewa 2005, akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini. Charley Pride, mtoto wa vibarua wa pamba huko Mississippi, santuri zake za mwanzo za 1966 zilisambazwa bila picha yake ili wasikilizaji wasijue rangi yake. Walipojua, walikuwa wameshampenda. Mwaka 1971 alitunukiwa kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa country.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: walioufungia mlango muziki huu hawakuwa wamejenga nyumba peke yao. Lakini sisemi mlango haukufungwa.

Na si kila kilicho country nakipenda. Hizi za siku hizi za vijana wa gari la pikapu, bia na barabara ya vumbi zinanichosha. Ukizisikia nne umezisikia zote. Nyimbo za mama aliyekufa nazo ni nyingi kupita mahitaji. Kenny Rogers namvumilia kwa ajili ya visa vyake. Don Williams haguswi, nikisahihisha insha ndiye anayenipunguzia ukali, na wanafunzi wangu hawajui wanachomdai.

Mpwa yule ndiye aliyeniletea albamu ya Beyoncé ya mwaka 2024, Cowboy Carter, iliyokuja kushinda Grammy ya albamu ya mwaka na ile ya country. Humo Jolene ameimbwa upya na maneno yamegeuzwa. Beyoncé hambembelezi mtu. Anamwonya Jolene akae mbali na mume wake, na ameonya kwelikweli. Nilimwambia mpwa wangu huyu sasa ni wa kwetu, mpeni kanga, hii ni mipasho.

Likizo ya Aprili niliwapigia nyimbo zote mbili wanawake wa nyumbani Mombasa, nikiwafasiria mstari kwa mstari. Vijana wote walikuwa upande wa Beyoncé. Mama Mkubwa, ambaye amewahi kutuza kwenye harusi kwa namna iliyovunja ujirani wa miaka mingi, alitafuna tambuu yake akafikiri.

"Huyu wa kwanza ndiye mwenye akili," akasema. "Anayetisha keshaonyesha ana hofu. Huyu kamwambia mwenzake: mume unaweza kumchukua, nguvu unazo, basi tazama utakavyokuwa ukimchukua. Hapo umemfunga."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Haya, na Jolene akajibu nini?"

"Hakujibu. Wimbo umekwisha."

"Umekwisha vipi? Mume alikwenda au hakwenda?"

"Haisemwi."

Alinitazama kama niliyemletea samaki nusu.

"Urudishe mwanzo, mwanangu. Hukusikiliza vizuri."