Kabla hujaiacha laptopu ikeshe na ratiba, hesabu nafasi kwanza

Leo nataka niongee na nyie mnaoandika programu za ratiba, iwe ya shule, ya mitihani au ya zamu za manesi, maana zote ni ndugu wa tumbo moja. Kuna kitu kilinifanya nikeshe siku mbili na kiukweli sitaki kikukeshe na wewe.

Shule moja ya sekondari iliniomba niwatengenezee ratiba. Maabara ilikuwa moja tu, na vipindi vya maabara vinakwenda viwili viwili mfululizo, kwa hiyo kwa siku zinatoka nafasi 4, kwa wiki 20. Nikachukua karatasi za walimu nikaingiza masharti yote, mwalimu hawezi kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, maabara haipokei mikondo miwili kwa pamoja, mwalimu wa fizikia ni wa muda anakuja Jumanne na Alhamisi tu, na mengine mengi. Nikairanisha programu usiku, yaani nikaiacha ifanye kazi, nikalala. Asubuhi feni inalia, laptopu imepata moto, jibu hakuna. Usiku wa pili hivyo hivyo.

Sasa usidhani nilikuwa nabahatisha tu. Nilikuwa nachuja machaguo kwanza, yaani nafasi ambazo kila kipindi kinaweza kukaa, na hilo nakushauri na wewe ulifanye siku zote. Chukua mfano mdogo: fizikia inaweza kukaa Jumanne asubuhi tu, kemia Jumanne au Jumatano, baiolojia Jumatano au Alhamisi, maabara ni hiyo hiyo. Fizikia ikishika Jumanne kemia inapoteza Jumanne, inabaki na Jumatano, na kemia ikishika Jumatano basi baiolojia haina pa kwenda ila Alhamisi. Umemaliza na hujakisia hata mara moja! Kazi ni kuangalia kila jozi ya vipindi, chaguo lolote la huku ambalo halina mwenzake wa kupatana naye kule unalifuta, halafu unarudi kuviangalia vipindi vyenye sharti na kile ulichokipunguzia chaguo, mpaka pasiwe na cha kufuta tena. Hiyo ndiyo konsistensi, yaani machaguo yaliyobaki yanapatana jozi kwa jozi. Mtafiti wa kompyuta Alan Mackworth aliiandika vizuri mwaka 1977, njia yake inaitwa AC-3, na haina gharama kubwa: kwa makadirio ya juu ni idadi ya jozi zenye masharti mara idadi ya machaguo ya kipindi, mara machaguo tena, mara machaguo tena. Ukiwa na jozi 400 na machaguo 10 hapo unaongelea laki nne za hatua, laptopu yoyote inamaliza fasta.

Lakini kuchuja kuisha salama hakumaanishi ratiba ipo, na hapa ndipo wengi tunaumia. Fikiria mitihani mitatu, kila miwili ina wanafunzi wa pamoja, na una asubuhi mbili tu, Jumatatu na Jumanne. Angalia jozi yoyote, inapatana vizuri kabisa, mmoja Jumatatu mwingine Jumanne, hakuna cha kufuta. Ila ukiitazama yote mitatu kwa pamoja haiwezekani hata ukeshe mwaka. Uchujaji wa jozi unaona wawili wawili, hauoni kundi.

Na hicho ndicho kilichonipata. Siku ya tatu nikakaa na mwalimu wa taaluma, mama mmoja mtaratibu sana, akachukua peni nyekundu akaanza kuweka tiki kwenye kila ombi la maabara, fomu kwa fomu, mkondo kwa mkondo. Alipofika mwisho akaniambia, "Mwanangu, hizi ni 21." Nafasi 20, maombi 21. Kila jozi ilikuwa inapatana kwa hiyo programu ikaona mambo ni mazuri ikaanza kujaribu, ikikwama inarudi nyuma inajaribu tena. Kama vipindi vyote vingekuwa huru kukaa popote, namna za kujaza nafasi 20 kwa vipindi 20 ni zaidi ya kwintilioni 2.4, yaani bilioni 2.4 mara bilioni moja, na kila moja mwishoni inamwacha mmoja nje. Hata kompyuta inayojaribu bilioni moja kwa sekunde ingechukua miaka kama 77. Yule mama alitumia dakika tano.

Kwa hiyo ukikwama usikimbilie kununua mashine kubwa. Watafiti Even, Itai na Shamir walishaonyesha mwaka 1976 kwamba tatizo la ratiba, hata ukilipunguza sana masharti, bado ni NP-kamili, yaani hakuna anayejua njia ya haraka inayofaa kwa kila hali. Tafuta umbo la tatizo lako. Kama masharti yako yamekaa kama mti, hayazunguki yakarudi yalipoanzia, mtafiti mwingine, Freuder, alionyesha mwaka 1982 kwamba ukichuja jozi ukapanga kuanzia kwenye shina hutarudi nyuma hata mara moja. Na kama una kundi ambalo wote lazima watofautiane, kama vile maabara yangu, usiliandike kwa jozi jozi, liandike kama sharti moja. Jean-Charles Régin alitoa njia yake mwaka 1994 na inaliona tatizo la 21 kwa 20 papo hapo, kabla hujakisia chochote.

Sisi tulihamishia kipindi kimoja cha baiolojia Jumamosi asubuhi, mwalimu mwenyewe akakubali, nikairanisha tena na kabla chai haijapoa ratiba ya shule nzima ikawa imetoka.