Maswali ya Wasomaji: Uwezo wa Mwili wa Mzee Hupimwaje?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 76. Anajipikia na kufua nguo zake mwenyewe, na kila akiulizwa hali husema hana tatizo lolote. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa sasa ninamwona akishika meza kila anapoinuka kitini, na akipanda ngazi hupumzika katikati. Alipimwa presha na sukari, zote zikaonekana ziko sawa, tukaambiwa ni uzee tu. Je, upo utaratibu wa kupima nguvu za mzee, na tunaweza kuufuata nyumbani?

JIBU: Upo, tena wa miaka mingi, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Hiyo kauli ya "uzee tu" haitokani na kipimo chochote, kwa kuwa watu wawili wenye umri mmoja wanaweza kutofautiana mno kwa nguvu za miguu, pumzi na uthabiti wa kusimama.

Wataalamu huanza na shughuli za kila siku. Orodha ya Katz, iliyotolewa mwaka 1963, huangalia mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kudhibiti haja, na kula. Ile ya Lawton na Brody ya mwaka 1969 huangalia shughuli zinazodai mpangilio zaidi, kama vile kutumia simu, kununua mahitaji, kumeza dawa kwa wakati na kushughulikia fedha. Udhaifu wa maswali haya ni kwamba mzee huibadili kazi muda mrefu kabla ya kuiacha: ataoga akiwa ameketi, atafua nguo mbili mbili, na bado atajibu, bila kusema uongo, kwamba anaoga na kufua mwenyewe. Kwa hiyo usimwulize mama kama anaweza. Mwulize anafanyaje, na ni lipi alilokuwa akilifanya mwaka jana ambalo sasa analikwepa.

Baada ya hapo ndipo mwili wenyewe unapopimwa, na kwa dalili ulizozitaja ningeanza na kiti. Chukua kiti imara cha mgongo ulionyooka, kisicho na mahali pa kuegemeza mikono, chenye kimo cha takriban sentimita 43, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mama aketi katikati ya kiti, nyayo zikiwa sakafuni, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima kabisa na kuketi tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 75 hadi 79, kusimama chini ya mara 10 huhesabiwa kuwa chini ya wastani, na akilazimika kujiinua kwa mikono alama yake ni sifuri, hata kama amesimama. Utaona jambo moja ambalo jibu la "sina tatizo" lilikuwa limelificha: kule kushika meza kunafanya kazi ambayo misuli ya mapaja imeshindwa.

Kipimo cha pili ni kuinuka kitini, kutembea mita 3 kwa mwendo wa kawaida, kugeuka, kurudi na kuketi, fimbo inaruhusiwa. Sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari ya kuanguka. Mimi hutazama zaidi pale anapogeuka, kwa sababu mwenye uthabiti hafifu hugeuka kwa vihatua vingi vidogo au hutafuta ukuta. Kliniki inaweza kuongeza kipimo cha nguvu za kiganja na cha mwendo, ambapo mita 4 kwa zaidi ya sekunde 5 ni mwendo wa pole unaostahili kufuatiliwa.

Katika kipimo cha kiti, msishikilie sana tofauti ya mara 9 na mara 10, kwani usiku mmoja wa kukosa usingizi unatosha kuileta. Yenye maana zaidi ni rekodi ya mama mwenyewe: kiti kilekile, viatu vilevile, saa ileile ya siku, baada ya miezi mitatu hivi.

Kuhusu ngazi, nisingependa mpime chochote kabla hajaonwa na daktari. Mwulizeni kinachomsimamisha ni miguu au ni pumzi. Ikiwa ni pumzi, moyo, mapafu na upungufu wa damu vichunguzwe kwanza. Akisikia kizunguzungu anaposimama, presha yake ipimwe akiwa amelala na tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Siku ya kupima, mtu mmoja akae karibu naye, na maumivu ya kifua yakijitokeza kipimo kikome papo hapo na apelekwe hospitali.

SWALI: Baba ana miaka 70 na hutembea nusu saa kila siku. Kuna haja ya kumpima?

JIBU: Ipo. Kutembea hujenga pumzi, lakini hakutoshi kulinda nguvu za mapaja wala uthabiti, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na uthabiti angalau siku 3 kwa wiki. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74, kiwango cha kipimo cha kiti ni mara 12. Akipungukiwa, kuinuka na kuketi kwenye kiti hichohicho, kidogo kidogo, ni zoezi zuri la kuanzia.