Mets Walituvunja Moyo: Majibu kwa Barua Zenu

Tangu msimu wa besiboli wa 2025 uishe, barua zimekuja nyingi kutoka kwa Waswahili wanaoishi New York na vitongoji vyake, na karibu zote zinalilia timu moja: New York Mets. Kwa asiyefuatilia, kisa chenyewe ni hiki. Desemba 2024 Mets walimsajili Juan Soto kwa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765, mkubwa kuliko wowote uliowahi kusainiwa katika michezo ya kulipwa. Kufikia tarehe 12 Juni walikuwa wameshinda mechi 45 na kupoteza 24, na hakuna timu katika ligi nzima iliyokuwa na rekodi nzuri kuliko yao. Kuanzia hapo wakashinda 38 na kupoteza 55. Siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba mjini Miami, ushindi ungewaingiza kwenye mtoano, kwa sababu Cincinnati Reds waliokuwa wakigombea nao nafasi ile ile walifungwa pia siku hiyo. Mets wakalala 4–0. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi 83, nafasi ikaenda kwa Reds kwa kuwa walikuwa wamewazidi Mets katika mechi zao wenyewe kwa wenyewe.

Nimechagua barua chache. Nyingine nimezifupisha.

Kaka, nimekulia kwenye mpira wa miguu. Nimeiona timu yangu ikifungwa na watani wa jadi mara nyingi tu, nikalala, nikaamka, maisha yakaendelea. Mbona hili la Mets limeniuma kuliko yote? (Jersey City)

Kwa sababu besiboli unakaa nayo nyumba moja. Mpira wa miguu unakutembelea Jumamosi au Jumapili, unafurahi au unanuna, halafu una siku kadhaa za kupoa. Timu ya besiboli inacheza mechi 162 ndani ya miezi sita. Ukifungwa Jumanne usiku, Jumatano kuna mechi nyingine, na Alhamisi nyingine. Kidonda hakipati nafasi ya kushika gaga.

Redio yangu iko juu ya friji. Kuanzia mwisho wa Machi, saa moja jioni ikigonga, naiwasha huku maji ya ugali yakichemka. Sauti ya mtangazaji, kelele za mbali za watu uwanjani, ule mlio wa gongo likikutana na mpira sawasawa: hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya jikoni kwangu kiangazi kizima. Septemba walipofungwa mechi 8 mfululizo, nilikuwa naizima redio kwa mkono wenye unga. Kesho yake nakuta alama za vidole nyeupe kwenye kile kitufe, nazifuta, naiwasha tena. Hadi leo sijui niliwezaje.

Na kuna jambo jingine, kaka. Msimu huo wote Mets hawakushinda hata mechi moja ambayo walikuwa nyuma baada ya awamu ya nane, kati ya awamu tisa za mechi. Hata moja. Wewe na mimi tulikuwa tunasubiri awamu ya tisa kila usiku, tukiamini leo watapindua, na kila usiku tulikwenda kulala mikono mitupu. Mtu aliyengoja hivyo mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi mitatu na zaidi, ana haki ya kuumia. Usijilaumu kwamba umezidisha.

Pesa zote zile kwa Soto zimetusaidia nini? Kwangu mimi yeye ndiye chanzo. (Newark)

Hapana, na hapa sitakubaliana nawe hata kidogo. Soto alipiga homrani 43, yaani mipira 43 iliyovuka uzio, na akaiba besi 38, yaani mara 38 alichomoka mbio kuiwahi besi ya mbele bila kusubiri mpira upigwe. Katika maisha yake yote hajawahi kukimbia hivyo. Mtu aliyefanya kazi yake namna hiyo si wa kubebeshwa msiba.

Kilichotuangusha ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Turudi kwenye tarehe 12 Juni, siku ile ile tuliyokuwa kileleni. Kodai Senga, Mjapani wetu, alikuwa anarusha vizuri kuliko karibu kila mtu ligini. Mpira ukapigwa chini kuelekea upande wa kulia, Pete Alonso, mlinzi wetu wa besi ya kwanza, akauokota, Senga akakimbilia besi ya kwanza kuupokea. Pasi ikaenda juu kidogo. Senga akaruka, akaudaka, mguu ukagusa besi, mpigaji akatoka. Halafu akaanguka akishika nyuma ya paja. Mechi ile tulishinda, nakumbuka watu wakipeana mikono. Senga aliporudi Julai hakuwa yule tena, na Septemba akashushwa ligi ndogo.

Wengine nao wakaumia au wakachoka mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwisho, Mets walikuwa wametumia warushaji 46 katika msimu mmoja, rekodi ya ligi nzima. Hebu fikiria jikoni ambako mpishi anabadilishwa kila siku ya tatu. Ukitaka kulaumu, muulize aliyepanga kikosi kwa nini ghala la warushaji lilikuwa jembamba kiasi kile wakati pesa zilikuwepo. Hilo ni swali la haki, na mimi nalo linanikera.

Mume wangu amebadilika. Zamani akirudi kazini alikuwa anasema "tumeshinda", "tunacheza kesho". Sasa ukimtajia Mets anasema "wale", basi, anageukia simu. Kofia yake ameitupa juu ya kabati. Nimwache au niseme naye? (Bronx)

Dada, umesikiliza vizuri kuliko unavyojua. Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Cialdini na wenzake walitoa utafiti juu ya jambo hili hili. Waliona wanafunzi wa vyuo wakivaa zaidi nguo zenye jina la chuo chao Jumatatu baada ya timu yao kushinda. Walipowapigia simu kuwauliza juu ya mechi, waliokuwa wakisimulia ushindi walielekea kusema "sisi", na waliokuwa wakisimulia kipigo walielekea kusema "wao". Kiswahili chetu kinalibeba jambo hilo kwenye silabi moja tu: tumeshinda, wamefungwa.

Kwa hiyo mumeo hajapoteza upendo. Amejitoa kwenye ile "tu" kwa sababu inamuuma kukaa humo. Usimwambie "ni mchezo tu", tafadhali. Hilo neno linamwambia kwamba jioni zake zote za miezi sita zilikuwa za kipuuzi. Muulize kitu kidogo chenye jibu: yule kijana Nolan McLean aliyeanza kurusha Agosti, ni kweli ni mzuri kama wanavyosema? McLean alishinda mechi 5 na kupoteza 1, na wapigaji wakubwa walikuwa wakipunga hewa mbele yake. Shabiki wa Mets akianza kumzungumzia McLean hanyamazi haraka. Mpe nafasi aseme.

Kofia iache huko huko juu ya kabati. Ataishusha mwenyewe.

Lakini kama ukimya umeingia mpaka kwa watoto, au halali, au ameanza kulewa kuliko kawaida yake, hapo hatuzungumzii tena besiboli. Mkalishe chini, na ikibidi atafute mtu wa taaluma wa kuzungumza naye.

Naruhusiwa kuhamia Dodgers? (Queens)

Hakuna wa kukukataza. Timu hiyo ya Los Angeles ilichukua ubingwa 2024 na 2025, utasherehekea. Ila jiulize kama unataka kombe au unataka watu wako wa treni namba 7, ile ya kwenda uwanjani kwetu. Mimi nilishuka kituo cha Mets–Willets Point usiku mmoja wa Septemba, tumefungwa, na ngazi nzima ilikuwa kimya. Mzee mmoja Mpuertorico alinishika bega tu akapita, bila neno. Sidhani kama ningepata bega lile mahali pengine.

Kaka mpendwa, nyinyi wa Mets mnalia nini? Sisi Toronto tulibakiza watu wawili tu wa kuwatoa ili tuwe mabingwa wa dunia! (Toronto)

Pole sana, ndugu yangu, na nasema kwa moyo wote. Nililia nanyi. Mechi ya saba ya fainali dhidi ya Dodgers, nyumbani kwenu, Blue Jays wanaongoza 4–3 awamu ya tisa, halafu Miguel Rojas wa Dodgers, mtu ambaye hakuna aliyemtegemea kwa homrani, anaupeleka mpira nje ya uzio. Awamu ya 11 mwenzake Will Smith akamaliza kazi, 5–4. Mnasubiri kombe tangu 1993.

Lakini naona huzuni zetu zina sura tofauti. Mwaka 2024 Blue Jays mlimaliza mkiwa mkiani mwa kundi lenu. Mwaka 2025 mlipewa kitu ambacho hamkuahidiwa, kikachukuliwa mlangoni. Sisi tuliahidiwa, tukakaa mkao wa kula, na sahani ikaja tupu. Nyinyi mtaanza msimu ujao mkiwaita wachezaji wenu mashujaa. Sisi tutaanza tukiwa na mashaka, na mashaka hayaondoki kwa mechi tatu za ushindi. Sishindani nanyi kwa machozi. Nakueleza kwa nini wa kwenu wanazungumza sana na wa kwetu wamenyamaza.

Mwanangu ana miaka 9. Aliposikia Pete Alonso ameenda Baltimore alivua jezi yake namba 20 akasema niitupe. Nimeificha kwenye sanduku. Nimwambie nini? (Yonkers)

Umefanya vyema kuificha, mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sisi watu wazima tulipoteza msimu. Mwanao, ndani ya wiki chache, amepoteza watu. Novemba Brandon Nimmo, ambaye Mets walimchagua 2011 akiwa mwanafunzi wa sekondari, alibadilishwa akapelekwa Texas. Desemba mrushaji Edwin Díaz akaenda Dodgers, na karibu papo hapo Alonso akasaini Baltimore, miaka 5, dola milioni 155. Kwa mtoto wa miaka 9, Alonso amekuwepo kwenye besi ya kwanza tangu aanze kuelewa televisheni. Alianza 2019 kwa homrani 53, ambazo mchezaji wa msimu wa kwanza hakuwahi kuzifikisha kabla yake. Mwaka 2025 alicheza mechi zote 162.

Usimwambie kwamba wachezaji hawajali. Si kweli, na atakuamini. Usimwambie pia kwamba Alonso ni msaliti. Mwambie mtu anaweza kuipenda nyumba na bado akahama, kama nyinyi mlivyohama mlikotoka, na nina hakika mtoto huyo amesikia simu mnazopiga nyumbani kila wiki.

Halafu, siku akiwa ametulia, kaeni muiangalie tena tarehe 12 Agosti. Usiku ule Alonso alipiga homrani yake ya 253 kwa Mets, akampita Darryl Strawberry, nyota wetu wa zamani, ambaye rekodi yake ilikaa zaidi ya miaka 30. Mwache aitazame mpaka mwisho, wenzake wanavyotoka kumkumbatia. Hadi anaondoka zilikuwa zimefika 264, na hizo zote zimebaki kwenye vitabu vya New York. Hakwenda nazo Baltimore. Jezi itoe sandukuni yeye akiiulizia, siku yoyote, hata kama ni mwakani.

Mwenye timu aliomba radhi kwa mashabiki. Wewe umempokea? (Brooklyn)

Nimempokea. Steve Cohen aliandika siku iliyofuata baada ya Miami kwamba anatudai radhi, kwamba sisi tulitimiza wajibu wetu kwa kujitokeza na kuishangilia timu, na wao hawakutimiza wao. Ni kweli tulijitokeza: zaidi ya watu milioni 3 waliingia uwanjani kwetu, Citi Field, mwaka huo. Kwetu mtu akija akasema nimekosa, unamkaribisha akae. Kumpa tena funguo za nyumba ni hatua nyingine, na hiyo nangoja nione amewasajili warushaji gani.

Nimezoea kununua tiketi za mechi ya kwanza ya msimu. Mwaka huu mkono mzito. Ninunue? (Queens)

Kama pesa ni ya kodi ya nyumba, usinunue, tena bila kujisikia vibaya. Kama ipo, nakushauri uache mechi ya ufunguzi, ambako bei iko juu na kila mtu anajifanya amesahau. Nunua ya Jumanne moja mwezi Mei, viti vya juu kabisa. Nenda na penseli uandike kila mrusho kwenye karatasi ya alama. Hapo utajua kama bado unaupenda mchezo wenyewe.

Usije na hesabu za ubingwa mkononi. Mets wa 1973 walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao tarehe 30 Agosti, wakamaliza wa kwanza kwa ushindi 82 tu, wakafika mpaka mechi ya saba ya fainali. Mets wa 2024 walikuwa na ushindi 22 na vipigo 33 mwishoni mwa Mei, tukawazika, na Oktoba wakawa hatua moja kutoka fainali. Mets wa 2025 unawajua. Mwezi Juni haujawahi kutuambia ukweli, wa heri wala wa shari.

Mimi redio bado iko juu ya friji. Jana niliipangusa vumbi, nikabadilisha betri. Februari wanaanza mazoezi Port St. Lucie, kule Florida, na McLean atakuwepo.